Uzoefu wangu na filamu ya Watching the Detectives: mwenye duka la kanda na mwanamke asiyetabirika

Watching the Detectives ni filamu ya Kimarekani ya mwaka 2007, iliyoandikwa na kuongozwa na Paul Soter, na wahusika wake wakuu wameigizwa na Cillian Murphy na Lucy Liu. Nimeitazama kwenye diski, na ninaandika tathmini hii kwa sababu watazamaji wengi waliomfahamu Murphy kupitia Oppenheimer, filamu iliyompatia tuzo ya Oscar mwaka 2024, hawajui kwamba aliwahi kucheza vichekesho vya mapenzi. Alicheza, tena vizuri, na ni yeye hasa anayeifanya filamu hii istahili muda wa mtazamaji.

Murphy ni Neil, kijana mwenye duka dogo la kukodisha filamu, ambaye anazipenda filamu kiasi kwamba maisha yake mwenyewe ameyaacha yapite kando. Mazungumzo yake na rafiki zake pale dukani ni ya filamu tu, na hata mapenzi anayapima kwa yale aliyoyaona kwenye skrini. Ndipo anapoingia Violet, mwanamke ambaye ukimtazama utasema ametoka moja kwa moja katika zile filamu za upelelezi za miaka ya 1940, ambamo mwanamume mwenye akili timamu anakutana na mwanamke mrembo asiyejulikana alikotoka, na kuanzia hapo hana tena amani. Violet anambunia Neil visa vya kila namna, vingine vya kuchekesha na vingine vya kumtia hofu kwelikweli, na Neil hajui wakati wowote kama linalomtokea ni kweli au ni mchezo aliopangiwa. Jinsi mambo yanavyoishia sitasimulia, kwa kuwa raha ya filamu hii iko katika kutokujua.

Kabla ya hapo nilikuwa nimemzoea Murphy katika sura ya kutisha. Mwaka 2005 pekee alikuwa mtu mbaya mara mbili, katika Batman Begins na katika Red Eye, na macho yake yale makubwa ya rangi ya maji ya bahari yalitumika kumfanya mtazamaji asogee nyuma kwenye kiti. Hapa macho ni yale yale, lakini kazi yake imegeuka: sasa ndiye anayeogopa. Mtazame wakati Violet anapozungumza. Hamkatizi, hatabasamu kwa haraka, anamsikiliza kama mtu anayesubiri kuona tukio linalofuata, kisha uso unaanza kubadilika polepole pale anapotambua kwamba safari hii yeye mwenyewe yumo ndani ya tukio. Hakuna maneno yanayolieleza jambo hilo, na hayahitajiki. Lucy Liu naye, ambaye wengi tunamkumbuka kwa upanga wake katika Kill Bill ya mwaka 2003, anaonekana kufurahia kupewa nafasi ya kucheka na kuchekesha, na kila anapotokea filamu inaamka.

Duka la Neil lilinigusa kwa namna ya pekee. Sisi tuliokulia katika miji ya Afrika Mashariki enzi za deki tunayajua maduka ya aina hiyo: makasha matupu yamepangwa ukutani, kanda zenyewe ziko nyuma ya kaunta, jina lako linaandikwa kwenye daftari la mistari pamoja na tarehe ya kurudisha, na ukirudisha kanda bila kuizungusha mpaka mwanzo unapata maneno. Mwenye duka ndiye aliyekuwa mshauri. Ulimwambia tu kwamba umechoka na filamu za mapigano, akanyoosha mkono bila kutazama na kukutolea kitu ambacho hukukifikiria. Soter anaielewa kazi hiyo na anaiheshimu, na ndiyo maana Neil hachekwi kwa kupenda filamu. Anachokosolewa ni kuzitumia kama mahali pa kujificha. Tofauti hiyo naiona kuwa muhimu sana, kwa kuwa filamu nyingi za vichekesho humfanya mpenzi wa filamu kuwa mtu wa kudharauliwa tu.

Mwaka ambao filamu hii ilitoka ndio Netflix ilianza kutoa filamu kwa njia ya intaneti, na mwaka 2010 kampuni ya Blockbuster, ambayo maelfu ya maduka yake yalikuwa yamewamaliza wenye maduka madogo kama Neil, nayo ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Kwa hiyo anayeitazama leo anaona kazi iliyokuwa imebakiza miaka michache tu, ingawa filamu yenyewe haikukusudia kuwa kumbukumbu. Haikupata nafasi ya maana katika majumba ya sinema. Ilionyeshwa katika tamasha la Tribeca huko New York, na Wamarekani wengi waliokutana nayo walikutana nayo kwenye diski, yaani katika rafu za maduka yale yale.

Yapo pia yaliyonikwaza, na kubwa ni Violet mwenyewe. Fumbo lake linavutia katika nusu ya kwanza, lakini muda unavyokwenda nilitaka kujua anaishije siku ambayo hayuko na Neil, anamwogopa nani, analilia nini. Hatuambiwi vya kutosha. Mwaka ule ule wa 2007 mhakiki wa Marekani Nathan Rabin aliandika kuhusu aina ya wahusika wa kike wanaotungwa ili tu wawafundishe vijana wenye huzuni kuyafurahia maisha, bila wao wenyewe kuwa na maisha, na kwa bahati mbaya Violet anaingia humo kwa kiasi kikubwa. Liu anajitahidi kumjaza uzito ambao andiko halikumpa. Ukiitazama Bringing Up Baby ya mwaka 1938, ambamo Katharine Hepburn anamvuruga msomi mpole aliyeigizwa na Cary Grant, utaona kwamba inawezekana mwanamke akaleta vurugu zote hizo huku tukijua vizuri kabisa anachokitaka.

Lingine ni kwamba Soter ametoka katika kundi la vichekesho la Broken Lizard, lenye watu watano waliozoea utani wa kiume wa kusukumana na kubezana, na baadhi ya mazungumzo ya rafiki zake Neil yana harufu hiyo. Sikuyachukia, ila yanarefuka wakati mtazamaji anataka kurudi kwa wapenzi wawili.

Filamu haifiki saa mbili, na haina picha za kumfanya mtu aone haya mbele ya wakubwa, ingawa kwa watoto wadogo haitakuwa na ladha. Kiingereza chake ni cha haraka, chenye kudokeza filamu nyingine kila baada ya muda, kwa hiyo ni vyema kuwasha maandishi ya chini kama nakala yako inayo. Ningemshauri aitazame yule anayependa mapenzi yenye ucheshi wa akili kuliko machozi, na zaidi mtu ambaye mwenzi wake amewahi kumlalamikia kwamba jioni zote zinaishia mbele ya runinga. Wakiitazama pamoja watakuwa na la kuzungumza, kwa sababu kila mmoja wao atapata humo hoja ya upande wake.