Jairo ya Ndege ya Rimoti: Kagua Umeme Kwanza, Halafu Chagua

Anayetaka jairo ya ndege ya rimoti huuliza kwanza kampuni gani ni nzuri. Mimi humuuliza servo zake, zile mota ndogo zinazosogeza vipande vya bawa na mkia, zinapata umeme wapi. Jairo yenyewe hula umeme kidogo sana, lakini kazi yake ni kuhisi bawa linainama na kuiamuru servo irekebishe papo hapo, hata kidole chako kikiwa kimetulia. Servo zilizokuwa zinapumzika angani sasa hazilali. Upepo wa kusi ukivuma pwani, wakati unaoihitaji jairo hasa, ndipo zinapovuta zaidi.

Kwenye ndege ya mota ya umeme, risiva (kipokezi cha amri za rimoti), jairo na servo zote kwa kawaida hulishwa na BEC, kifaa kilichomo ndani ya ESC (kidhibiti kasi ya mota) kinachoshusha volti za betri hadi 5 hivi. BEC za linia huzigeuza volti za ziada kuwa joto. Piga hesabu: lipo (betri ya lithiamu-polima) ya seli 3 ina volti 11.1, toa 5, zinabaki 6.1. Servo zikivuta ampea 2, hizo ni wati 12 za joto ndani ya kifaa kidogo kilichofichwa tumboni mwa ndege. Kwa seli 4 zinakaribia wati 20. Joto likizidi, BEC hujizima, risiva inakufa, na rimoti mkononi mwako haina kazi tena.

Kwa hiyo soma maandishi ya ESC yako. Ikiwa ina BEC ya suichi, isiyotoa joto jingi, ya ampea 3 au zaidi, ndege ndogo ya servo nne za gramu 9 haina shida. Ikiwa ni ya linia, na servo zimezidi nne au betri ni ya seli 4, nunua BEC ya nje ya ampea 5 kabla hujagusa jairo. Ukiifunga, chomoa waya mwekundu kwenye plagi ya ESC inayoingia kwenye risiva, ili vyanzo viwili visigongane. Ndege za petroli hutumia betri ya pekee ya risiva. Hapo naiacha NiMH (betri ya nikeli) ya seli 4 na kuchukua LiFe (betri ya lithiamu na chuma) ya seli 2, volti 6.6, mradi servo zinaruhusu. Lipo ya seli 2 iliyojaa hufika 8.4, na hizo huunguza servo za volti 6.

Sasa jairo zenyewe. Nafasi ya kwanza naipa risiva yenye jairo ndani. Wenye rimoti za Spektrum wana AR631 na AR637T. Wa FrSky wana S8R. Waya ni chache, na plagi chache maana yake sehemu chache za kulegea. AR637T naipendelea kwa sababu hurudisha taarifa kwenye rimoti, zikiwemo volti za risiva, kwa hiyo unaona umeme ukishuka ndege ikiwa bado angani. Kasoro yake ni kwamba umefungwa na kampuni ya rimoti yako.

Ya pili ni jairo ya kujitegemea, kama A3 ya HobbyEagle. Inakaa kati ya risiva na servo, inakubali risiva za kampuni nyingi, na unaweza kuihamishia ndege nyingine. Kwa mwenye risiva nzuri tayari, hii ndiyo pesa iliyotumika vizuri. Ndege yako ikiwa na mkia wa V au bawa la delta, uchanganyaji, yaani kuunganisha amri mbili kwenye servo moja, uachie jairo, uzime ule wa rimoti.

Ya tatu ni bodi ya kuongoza ndege, kwa mfano Matek F405-Wing yenye programu ya iNav au ArduPilot, ambazo ni za bure. Ukiiongezea GPS, ndege inarudi nyumbani yenyewe. Ila itakukalisha kwenye kompyuta muda mrefu, na asiyehitaji kurudishiwa ndege asijitese.

iGyro ya PowerBox, kutoka Ujerumani, siiweki kwenye foleni hii. Ni ya ndege kubwa na jeti, na kwa hizo ningeitaja kwanza. Jairo ya mkia wa helikopta, inayohisi mzunguko wa mhimili mmoja tu, ndiyo ya mwisho: itakusaidia kunyoosha ndege inapokimbia ardhini, basi.

Wakati wa kufunga, ibandike karibu na kitovu cha uzito kwa gundi ya sponji ya pande mbili, kingo zake zikiwa sambamba na mwili wa ndege. Ukichomeka betri, usiiguse ndege mpaka jairo imalize kujipima. Halafu chomeka mita ya volti kwenye tundu la risiva lililo wazi, washa jairo, na zungusha vijiti vyote vya rimoti kwa pamoja. Chanzo cha volti 5 kikishuka chini ya 4.5, mimi sirushi.

Mwisho kagua mwelekeo. Kila kipande kinapaswa kufuata upande ambao sehemu yake ya ndege imesogea: ukishusha bawa la kulia, aileroni ya kulia (kipande cha nyuma ya bawa) ishuke, ukiinua mkia, eleveta (kipande cha mlalo cha mkia) ipande, ukisukuma mkia kulia, usukani wake uende kulia. Kimoja kikienda kinyume, geuza mwelekeo kwenye mipangilio ya jairo, si kwenye rimoti.