Chuo cha pikipiki kilichomnyima mpwa wangu Boxer

Nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya helmeti, nitafika huko.

Chuo kiko upande wa Mamboleo, Kisumu, uwanja wa changarawe uliochorwa mistari ya chokaa, ofisi ya mabati. Mpwa wangu amemaliza kidato cha nne na hana neno lingine mdomoni ila pikipiki. Dada yangu alinituma mimi kwa vile nabeba abiria kwa bodaboda Kondele, nadhani alitumaini nitajua njia ya mkato. Mama wa ofisini hakuuliza pesa. Aliomba cheti cha kuzaliwa, akakisoma, akasema, "Mzee, kijana ana miaka 17. Kwa umri huu ni A1 tu."

A1 ni leseni ya pikipiki ndogo, yenye injini isiyozidi cc 50, na unaruhusiwa kuanzia miaka 16. Ikizidi hapo ni A2, nayo inangoja 18. Ya kubeba abiria na vifurushi ni A3, pamoja na tuktuk. Sasa Boxer, pikipiki tunazobebea abiria, hata ile ndogo kabisa, ni cc 100. Maana yake steji yetu nzima haina pikipiki hata moja ambayo huyu kijana angeruhusiwa kuishika. Nikamwambia mama, mbona wa rika lake wanapakia watu Nyamasaria kutwa? "Wanapakia, ndiyo. Wakigonga mtu, nani atalipa?" Nimechangia matanga na bili za hospitali za kutosha pale stejini. Nikatoa pesa.

"Mjomba, hii si ni ya kupeleka mayai sokoni?" mpwa wangu alinung'unika alipoonyeshwa skuta yao ya cc 50. Ni kuukuu kweli, lakini inawaka.

Mwalimu ndiye aliyenikalisha pale nitazame. Kwanza anawafanya wasukume pikipiki injini ikiwa imezimwa, waizungushe, waujue uzito wake. Halafu breki. Wengi wetu barabarani tunakanyaga ya nyuma tu, tunaiogopa ya mbele kwamba itatutupa. Yeye anaeleza kuwa ukifunga breki uzito mwingi unakimbilia mbele, kwa hiyo tairi la mbele ndilo lenye nguvu ya kukusimamisha. Uiminye polepole pamoja na ya nyuma, na usiifinye ghafla kwenye changarawe au ukiwa umeiinamisha pikipiki kwenye kona. Kisha wanarudia mpaka vidole vizoee. Ubao wa mji wa mfano na alama za barabarani ni kama kwingine, sina la kuongeza.

Helmeti sasa. Zinazunguka kwa wanafunzi wote, sponji imelegea, na moja haina kifungo cha kidevuni. Hiyo ni kofia ya jua. Nimewaambia, wakasema wataagiza nyingine. Pia mvua ya alasiri ikianza wanafunga somo, na mimi naona hapo ndipo lingeanza, maana mteja wa Kibuye hangoji lami ikauke.

Jambo la bei: elfu saba ni ya mafunzo peke yake. Leseni ya muda na mtihani unalipia mwenyewe kwa eCitizen, tovuti ya serikali, na hilo hawalitaji mpaka uulize. Nenda asubuhi, beba cheti cha kuzaliwa, na helmeti ununue yako.