Mlima mzuri, aliyetuongoza sina hamu naye

Niseme mapema, asiyependa maneno mengi aondoke na lake: nendeni Harpers Ferry, kule Marekani, pandeni mlima wa Maryland Heights, ila hela yenu msimpe mwongozaji wa aina ya yule aliyetupeleka sisi. Nendeni wenyewe. Njia imewekewa alama, mtu hapotei.

Mimi silalamikii jasho. Mwinuko ule ni mkali, magoti yanaungua, na ugumu huo ndio niliokuwa nimeufuata. Kilichonichoma ni kuona mtu amelipwa atupitishe katika mji ule, mji uliobanwa pale mto Shenandoah unapoingia Potomac, mji ambao watu walikufa kwa ajili ya watumwa wasiowajua hata kwa majina, naye anatuswaga kama mbuzi wa mnadani.

Ilianzia kwenye lile jengo wanaloliita ngome ya John Brown, yule mzungu aliyepigana kukomesha utumwa. Ukilitazama ni dogo mno, la matofali, milango mitatu mikubwa mbele. Lilikuwa banda la magari ya zimamoto ya kiwanda cha silaha cha serikali. Brown alivamia mji usiku wa tarehe 16 Oktoba 1859, akiwa na watu 21, 5 kati yao weusi, ili wateke silaha na watumwa wajipiganie. Humo bandani ndimo alimokamatiwa. Nilikuwa na mpwa wangu, kijana wa miaka kumi na tisa, nikawa namsimulia habari za Dangerfield Newby. Huyu alikuwa mtu mweusi aliyeachwa huru, lakini mkewe Harriet na watoto wao walikuwa bado utumwani Virginia. Newby ndiye wa kwanza kuuawa upande wa Brown, tena barabarani, hatua chache kutoka tulipokuwa tumesimama. Mwilini mwake walikuta barua za mkewe, zikimsihi aje amnunue upesi kabla anayemmiliki hajamuuza kwa mwingine. Na baada ya yote hayo, Harriet aliuzwa kusini kabisa.

Sijamaliza, nasikia makofi. Pa! Pa! Nageuka, ni mwongozaji, mikono bado iko hewani. "Mama, historia utaisoma kwenye kijitabu. Hapa tumekuja kutembea."

Mbele ya mpwa wangu. Mbele ya watu tisa tusiojuana nao. Mpwa akanishika kiwiko, "Shangazi, achana naye." Nikanyamaza, lakini tangu hapo kila nilichokiona nilikiona kupitia makofi yale. Kwenye daraja la miguu, lile lililoshikizwa ubavuni mwa reli, nilitaka kusimama kidogo tu. Brown na watu wake walivuka Potomac sehemu hizo hizo wakitokea Maryland, na nguzo za mawe za daraja la zamani bado zimesimama majini, zimeota majani kichwani. Treni ya mizigo ikatoka kwenye handaki upande wa pili, vyuma vikatetemeka chini ya nyayo hadi meno yakagongana. Yeye huyo, mbele, hageuki nyuma.

Tukateremka ngazi za chuma, tukafuata njia ya kando ya mfereji wa zamani, tukavuka barabara, mlima ukaanza. Hapo hakuna utani. Ni barabara ya jeshi ya enzi zile za vita vya wenyewe kwa wenyewe, waliyotumia kuvutia mizinga, na ukipanda na chupa yako ya maji tu unajiuliza hiyo mizinga ilivutwaje. Kokoto zinateleza, mizizi imejitokeza, na kila ukidhani umefika kona ya mwisho, kuna nyingine.

Na hapa, kwa haki, lazima niseme alichofanya. Mpwa wangu alikanyaga jiwe bovu, mguu ukapinda. Yule bwana alifika kabla yangu. Akapiga goti, akamvua kiatu taratibu, akapapasa kifundo kwa vidole viwili, akamwambia akunje, anyooshe, kisha akamfunga bendeji vizuri kuliko nilivyowahi kuona mtu akifungwa. Akampa fimbo yake mwenyewe. Hakuwa na haraka hata kidogo. Kwa hiyo muda anao! Nilimshukuru, na niliishukuru kazi yake kwa moyo, lakini papo hapo hasira ikanipanda upya: kifundo kimepewa dakika ishirini, Newby hakupewa hata mbili.

Juu kuna majabali yaliyotokeza, hayana uzio, ukikosea hatua umekwisha. Sikuongea kwa muda mrefu. Mji wote uko chini yako, mnara wa kanisa, madaraja, mito miwili inakuja kukutana, moja kulia, moja kushoto. Ukiwa pale huhitaji kufundishwa kilichotokea Septemba 1862. Mji uko ndani ya bakuli. Walioshikilia vilima waliumiliki, na Stonewall Jackson, jenerali wa majimbo ya Kusini yaliyotetea utumwa, alipovishika, askari wa Muungano, yaani wa Kaskazini, wapatao 12,500 wakasalimu amri. Nimeona mandhari nyingi, hii imekaa kifuani. Kama ningeandika nikiwa juu ya lile jabali, ningempa hata yeye alama zote.

Bahati mbaya tuliteremka.

Tulipofika mjini nilimwomba nusu saa, kwa adabu, ili nipande hadi kilipokuwa Chuo cha Storer, kilichoanzishwa 1867 kwa ajili ya waliotoka utumwani. Agosti 1906 W.E.B. Du Bois, msomi mweusi, na wenzake wa Niagara Movement, chama cha kudai haki za watu weusi, walikutana pale. Ndiye huyu Du Bois aliyekuja kufia Accra. Asubuhi moja waliondoka pale chuoni kwa miguu kwenda kwenye ngome ya Brown, ambayo wakati ule ilikuwa imehamishiwa shambani nje ya mji, na mmoja wao akavua viatu na soksi kabla ya kuikanyaga ile ardhi. Nao walikuja kutembea! Nilimwambia hivyo. Akatazama saa yake, akasema gari linaondoka.

Likaondoka bila sisi. Mpwa alikataa kuniacha, akapanda na mimi akiegemea fimbo ya watu, zile ngazi zilizochongwa kwenye mwamba wenyewe, zimelika katikati kwa nyayo hata kila moja ina shimo lake. Niliweka mguu kwenye yale mashimo taratibu, moja baada ya jingine. Kule juu hapakuwa na mtu. Mpwa akaniambia, "Shangazi, sasa malizia ile ya Newby." Nikaimalizia.

Fimbo nimeirudisha kwa posta, na barua ya kumshukuru kwa kile kifundo. Katika barua hiyo hiyo nimedai nusu ya hela yangu. Bado kimya.