Uzoefu wangu na "Fit Image" ya Photoshop kwa folda yenye picha za wima na za mlalo

Mwenye picha mia mbili za mlalo kutoka kamera moja hahitaji ushauri wa kuzipunguza ukubwa zote kwa mkupuo, njia yoyote itamfaa. Taabu huanza folda inapokuwa na mchanganyiko: za wima, za mlalo, za simu, za kamera, na chache zilizokwisha kukatwa zikabaki ndogo. Kwa folda ya namna hiyo mimi hutumia amri ambayo watumiaji wengi wa Photoshop huipita tu: "Fit Image", iliyo ndani ya "File", kisha "Automate". Naipa nyota tano. Dirisha la "Batch" linaloiendesha kwa folda nzima nalipa nne, na sababu nitaieleza.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kurekodi akshoni (mfululizo wa hatua ambazo Photoshop huzihifadhi na kuzirudia yenyewe) kwa "Image Size". Unaandika upana 1600, na akshoni inashika upana huohuo kwa kila picha. Ya mlalo yenye pikseli 6000 kwa 4000 inatoka 1600 kwa 1067, safi kabisa. Ya wima, 4000 kwa 6000, inatoka 1600 kwa 2400. Hiyo ina pikseli zaidi ya mara mbili ya mwenzake, na zikikaa pamoja kwenye ukurasa, ya wima inajaza skrini yote. "Fit Image" haijali upana peke yake, inataka boksi. Ukiandika 1600 kwa 1600, picha inapunguzwa mpaka ienee ndani ya boksi bila uwiano wake kuguswa. Upande mrefu ndio unaofika 1600, uwe umelala au umesimama.

Boksi liwe la mraba, na hapa nasisitiza. Ukiweka 1600 kwa 1200 ukidhani unafuata umbo la picha, ya mlalo ya 4000 kwa 3000 itatoka 1600 kwa 1200, lakini ya wima ya 3000 kwa 4000 itabanwa na kimo cha 1200 na kutoka 900 kwa 1200. Za wima zote zitaonekana zimesinyaa. Boksi la mstatili lina maana pale tu picha zitakapoonyeshwa kwenye skrini yenye kipimo kinachojulikana, kama 1920 kwa 1080.

Usisahau kutia tiki kwenye "Don't Enlarge". Bila hiyo, picha ya pikseli 800 inavutwa hadi 1600 na kuwa na ukungu, na kwa kuwa imejichanganya na nyingine mia, hutaigundua mapema.

Kurekodi ni kazi ya dakika chache. Fungua picha moja iliyo kubwa kuliko boksi lako, kisha kwenye paneli ya "Actions" anza akshoni mpya. Endesha "Fit Image", halafu "Convert to Profile" iliyo kwenye "Edit", uchague sRGB, yaani mpangilio wa rangi wa kawaida wa mtandaoni. Usichague "Assign Profile": hiyo inabadilisha lebo tu, na rangi za picha ya Adobe RGB (mpangilio wenye rangi nyingi zaidi) zitapauka. Kuongeza ukali kuje baada ya kupunguza, kwa sababu kupunguza kwenyewe kunalainisha kingo. Malizia kwa "Save As" ya JPEG, ubora 10. Jina la faili usiliguse wakati wa kurekodi, la sivyo akshoni italishika hilohilo.

Sasa "Batch". Chagua folda ya chanzo na folda ya kupokelea, na ziwe mbili tofauti, ili picha za asili zisifutwe na ndogo zake. Kisha tia tiki kwenye "Override Action Save As Commands". Maneno hayo yanawachanganya wengi. Maana yake ni kwamba akshoni itoe aina ya faili na ubora, lakini mahali na jina vitoke kwenye "Batch". Kwa hiyo akshoni lazima iwe na hatua ya "Save As" ndani yake. Kwa mpangilio huu mgumu kusomeka ndipo nyota ya tano ilipopotea.

Ukiruhusu folda ndogo zisomwe pia, chunga majina. Kamera mbili zinaweza kuwa na IMG_0001 kila moja, na zote zinakwenda folda moja. Ongeza namba ya mfululizo ya tarakimu nne kwenye sehemu ya majina. Chini kabisa chagua makosa yaandikwe kwenye faili, ili picha moja mbovu isisimamishe kazi nzima.

Mwenye haraka anaweza kutumia "Image Processor" iliyo ndani ya "File", "Scripts". Ina "Resize to Fit" yenye kanuni ileile ya boksi, inageuza rangi kuwa sRGB, na haihitaji kurekodi chochote.

Panorama, yaani picha pana za mandhari, zitoe pembeni kabla ya kuanza. Ya 12000 kwa 3000 ikiingia kwenye boksi hilo inatoka 1600 kwa 400, utepe mwembamba usioonyesha kitu. Na kama unatakiwa kutoa picha zote zenye kipimo kimoja, mfano 1000 kwa 1000 za bidhaa, weka boksi la 1000, kisha rekodi "Canvas Size" (inayoongeza nafasi kuzunguka picha bila kuivuta) ya 1000 kwa 1000, picha ikae katikati, rangi ya ziada iwe nyeupe, na "Relative" iachwe bila tiki.