Mpira wa kufyonza vumbi la mbao: milimita 100 au 38?

Anza kwa kuangalia mashine inayofyonza, si ile inayokata mbao. Kifyonza cha feni kubwa huvuta hewa nyingi kwa mvuto mdogo, hivyo kinahitaji mpira wa kipenyo cha mm 100. Ukikibana kwa mm 38, eneo la tundu hupungua karibu mara 7: hewa hukwama, na maranda huziba mpira kwenye kona ya kwanza.

Vakyumu ni kinyume chake: mvuto mkali, hewa kidogo. Ikivuta lita 60 kwa sekunde, hewa hupita kwenye mm 38 kwa kasi ya mita 53 hivi kwa sekunde. Kwenye mm 100 haifiki 8, ilhali vumbi linahitaji takribani 20 lisitue njiani. Basi mashine ya msasa ya mkono, inayofyonzwa kwa vakyumu, ipewe mm 38. Randa na msumeno wa meza, vinavyofyonzwa kwa feni kubwa, mm 100 bila kubishana.

Urefu ndio unaoharibu kazi nyingi. Mikunjo ya ndani hupunguza kasi ya hewa, kwa hiyo mpira usizidi mita 2. Kwingine tumia bomba gumu la PVC. Mpira wenye ukuta laini ndani ni bora zaidi. Waya wake wa chuma uunganishe na mwili wa mashine iliyo na athi (waya unaopeleka umeme ardhini), umeme tuli usikurushe.