Spika Inapiga Vizuri, Ikifa Utajijua

Karibuni tena, ndugu watazamaji. Hii mezani ni spika ya Bluetooth ya kampuni kubwa, jina nitalihifadhi. Kwa sauti sina neno: besi imeshiba na mwimbaji hamezwi hata ukiipandisha. Tatizo ni kwamba imekufa. Haipokei chaji kabisa.

Sogeeni muone. Hili tundu la chaji linacheza, nikiligusa kwa kucha linayumba. Limechomelewa juu ya bodi na hakuna kingine kinacholishika, kwa hiyo kila unapochomeka waya, nguvu yote inabebwa na lehemu. Lehemu ikipasuka, kwaheri. Betri nzima, spika zenyewe nzima, kifaa chote kimelala kwa ajili ya kidude ambacho fundi simu yeyote Kampala anakibadilisha. Mtu amebana matumizi miezi na miezi apate spika hii. Inaniuma sana.

Nikaiandikia kampuni. Wakajibu kwa adabu: leta risiti, leta namba ya kifaa, leta video. Nikatuma vyote. Mwisho wakasema Uganda haimo kwenye nchi wanazohudumia, niirudishe nje kwa gharama yangu. Jamani, ina betri ya lithiamu! Kwenye ndege huo ni mzigo wa hatari, una masharti yake. Nauli yake tu inakatisha tamaa.

Wakati huohuo, mnunuzi wa Umoja wa Ulaya analindwa na sheria kwa miaka 2 bidhaa ikiwa na kasoro. Na kuanzia Februari 2027, betri za vifaa vingi huko lazima mwenyewe aweze kuzitoa na kuzibadilisha. Kumbe wakibanwa wanaweza.

Nasi tuna pa kushikia. Sheria ya Uganda ya mauzo ya bidhaa ya 2017 inamtaka muuzaji akupe kitu kinachofaa kwa kazi yake. Kwa hiyo dai lako lianzie dukani. Usikubali kijikaratasi cha mkono. Dai risiti ya EFRIS, ule mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya mapato ya Uganda, na muda wa waranti uandikwe kabla hujatoa pesa. Muuzaji akianza kuzungukazunguka, toka, maduka ni mengi.

Spika hii, kwa bei yake, msinunue. Yangu naipeleka kwa fundi, na tundu jipya nitawaonyesha likichomelewa.