Pikipiki gani ununue kwa mzunguko wa Arusha, Nairobi, Kampala na Kigali

Njia yenyewe ni hii: Arusha, Namanga, Nairobi, Nakuru, Eldoret, Malaba, Kampala, Kabale, Katuna, Kigali, Rusumo, Kahama, Nzega, Singida, Babati, halafu Arusha tena. Nchi nne, mipaka minne, na karibu njia nzima ni lami. Wengi wanaouliza pikipiki ya safari hii huanza na ukubwa wa injini. Mimi naanza na Nyakanazi, kati ya Rusumo na Kahama: pikipiki ikikuzimikia pale saa kumi jioni, fundi wa kwanza utakayemkuta ana spea yake?

1. Bajaj Boxer 150

Ndiyo, ile ile ya bodaboda. Injini ya cc 144.8 inayopozwa kwa upepo, kabureta, tangi la lita 11. Ukiiendesha kwa adabu, tangi moja linakufikisha zaidi ya kilomita 400. Keboli ya klachi, plagi, cheni, breki shuu na tyubu unavipata hata kwenye kituo kidogo cha barabarani, na kijana atakayekufungia hiyo keboli ameshafunga nyingine tatu tangu asubuhi. Spea chache unazoweza kubeba hazitoshi. Klachi ikiungua au silinda ikichubuka, kinachokusaidia ni duka lililo karibu, na kwa Boxer duka halikosekani.

Udhaifu wake tusiufiche. Kasi inayoivumilia kutwa nzima bila kulalamika ni kama kilomita 70 kwa saa, kwa hiyo mabasi yatakupita, mengine kwa karibu mno. Kati ya Nakuru na Eldoret barabara inapanda Timboroa, karibu mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi na injini kama hii hupoteza takriban robo ya nguvu zake, nazo tangu mwanzo ni za farasi 12 tu. Utapanda kwa gia ya tatu nyuma ya lori ukivuta moshi wake, na kulipita ni kamari. Mafundi watakushauri uongeze jino moja kwenye sproketi ya mbele ili injini isipige kelele kwenye tambarare. Kataa. Timboroa na milima ya Kabale utalijutia hilo jino.

Hela uliyookoa iende kwenye tairi nzuri, keria imara na kiti kilichoshonwa upya kwa sponji ngumu. Sponji laini hubonyea kabla hujafika Nakuru.

2. Royal Enfield Himalayan 411

Ukienda na abiria, namba moja na mbili zibadilishane nafasi. Mke au rafiki nyuma, mabegi pembeni, halafu Timboroa kwa Boxer: huo ni utesaji wa watu wawili. Himalayan ina farasi 24, tangi la lita 15, na kiti chenye kimo cha sentimita 80, kwa hiyo hata mfupi anagusa chini akisimama kwenye foleni ya forodha. Inakwenda 90 kwa utulivu na inapita lori bila kuomba dua.

Ina uzito wa karibu kilo 200, na vipuri vyake huvikuti kila duka. Nunua mapema keboli ya klachi, breki pedi, tyubu za mbele na nyuma na chujio la oili, uvifunge chini ya begi. Ile mpya ya cc 452 ina nguvu zaidi, lakini injini yake hupozwa kwa maji na mafundi walioizoea ni wachache. Kwa njia hii ningechukua ya zamani.

3. TVS HLX 150

Chukua ya gia tano, maana ile ya tano huipumzisha injini kwenye tambarare za Singida. Kigali utakuta TVS kila kona. Kwingineko Boxer inaizidi kwa spea, si kwa mbali.

4. Honda CRF300L

Nzuri kwa matope, na matope hapa ni machache. Tangi lita 7.8, kiti juu sentimita 88. Ukiipenda sana, tafuta ile ya Rally yenye tangi la lita 12.8.

5. BMW R 1250 GS

Raha tupu mpaka ianguke. Kilo 249.

Kabla ya kulipa, kuna suala la kadi ya usajili. Pikipiki ya mkopo kadi yake kwa kawaida hubaki kwa aliyekukopesha, na mpakani wataitaka kadi halisi. Kama jina si lako, beba barua ya idhini ya mwenye chombo. Bima ya nchini haitoshi. Ongeza Kadi ya Njano, yaani bima ya kuvuka mipaka ya COMESA (soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika), ambayo Tanzania inashiriki ingawa si mwanachama wa COMESA, na wakala wa bima akuorodheshee Kenya, Uganda na Rwanda.

Ukinunua mtumba, linganisha namba ya chesisi na ya injini na zilizoandikwa kwenye kadi kabla hujatoa shilingi. Bodaboda nyingi zimeshabadilishiwa injini bila kadi kurekebishwa, na ofisa wa Malaba akiinama kusoma namba hizo, maelezo ya fundi wako hayatakusaidia.